Mama Mkwe Anasema Nilimkodolea Macho

Mpendwa Shangazi Restuta,

Shikamoo. Nimekuamkia hivyo bila kujua umri wako, mimi nina miaka arobaini na tisa, kwa hiyo kama nimekuzidi wewe irudishe tu, nitaiokota. Naomba msaada wako, na kabla sijafika popote naomba radhi kwa mwandiko huu, siyo pombe, ni mkono, natetemeka tangu mwaka jana kiasi kwamba kikombe cha chai nakijaza nusu ili angalau robo ifike mdomoni, na kwa kuwa kazi yangu ni kusimamia vibarua kwenye shamba la zabibu za mvinyo hapa Makutupora, hakuna hata mmoja anayeamini kwamba sionji mali ya mwajiri. Nimeshainuka mara nne tangu nianze kuandika, mara ya kwanza nilikwenda kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa, hizo nyingine tatu sijui nilikwenda kufanya nini.

Yalianza mwaka jana mwezi wa sita, Dodoma yote imejifunika makoti na mimi natembea na singlendi huku jasho linanitoka, nakula kama ninalisha watu wawili na suruali inazidi kushuka, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa, na kulala ikawa shida mpaka nikahama chumbani nikawa natandika sebuleni kwenye sakafu ya saruji, maana mke wangu Anitha alisema kulala na mimi ni sawa na kulala na mashine ya kusaga. Nikaenda hospitali mjini, daktari mmoja kijana kijana akanishika koo, akatoa damu, siku ya majibu akaniambia ni tezi ya shingo, ile thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi kwa sababu kinga ya mwili wangu mwenyewe imeigeukia na inaichochea bila kupumzika. Nikamuuliza, kwa hiyo daktari ndani humu kuna mgomo? Akasema hapana mzee, kuna bidii iliyopitiliza. Anitha alicheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu katika miaka ishirini na miwili ya ndoa ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akinihusisha na bidii.

Nikapewa vidonge, nikaambiwa nisiviache bila ruhusa yake, na sigara niache siku hiyohiyo. Vidonge nilimeza miezi mitatu, moyo ukatulia, nikajiona nimepona, nikaviacha. Sigara sikuacha, nilihamisha kituo tu, navutia nyuma ya chumba cha pampu. Baadaye yale mambo yakarudi na mengine juu yake, ngozi ya miundi yangu yote miwili, hapa mbele chini ya magoti, ikavimba na kuwa ngumu, ina vishimo kama ganda la chungwa, mtu akiiona anarudi nyuma, kwa hiyo siku hizi nashinda na gambuti hata kanisani. Halafu macho yakaanza kutoka. Siyo kutoka machozi, ingawa nayo yanatoka, kwa sababu upepo wa huku kwetu hauna likizo. Yametoka yenyewe, kope za juu zimepanda na hazishuki vizuri, weupe unaonekana juu na chini, nikikutazama kwa upole unaona nakudai. Shemeji yangu Lameck, kaka yake Anitha, kila tukikutana anajikinga uso kwa mkono, "Shemeji, shusha taa bwana, tunapishana!" Nacheka naye. Ningefanyaje?

Sasa hapa ndipo penye msiba wangu. Mwezi uliopita Anitha alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na mama yake akatoka Chamwino kuja kumuuguza. Shangazi, kama wewe ni mtu wa huku unajua, sisi Wagogo wa kijijini mama mkwe hatazamwi usoni, unainama, unamsalimia ukiwa umegeukia upande mwingine, akipita unampisha njia. Mimi mama mkwe wangu nimemheshimu hivyo tangu nioe, kiasi kwamba leo ukiniambia nimchore nitakuchorea ndala zake tu. Kwa siku kumi za kwanza tuliishi vizuri, mimi nikiwa ndani yeye yuko jikoni, akiingia yeye mimi natoka, na kwa jinsi nisivyotulia kutoka halikuwa tatizo.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nilikaa kibarazani kwenye kiti cha uvivu, sikuwa nimelala siku mbili, na usingizi ukanichukua palepale. Naapa Shangazi, nilisinzia. Ninachokumbuka kinachofuata ni Anitha amesimama mbele yangu ameshika kidonda chake, analia.

"Umemfanya nini mama?"

"Mama gani?"

"Usiniulize mama gani! Alikuwa pale bombani ananawa miguu, amelegeza khanga, akainua kichwa akakukuta umemkodolea macho! Akakohoa, hukugeuka. Akakohoa tena, hukugeuka. Akamwaga maji ardhini kwa nguvu, baba Sila, na wewe unatazama tu!"

"Nilikuwa nimelala."

"Macho wazi?"

Mama mkwe alishafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga, na siku ya tatu Anitha naye akamfuata, akasema mtu aliyemdhalilisha mama yake hawezi kumpikia uji wa mgonjwa. Wazee wa Chamwino wameitisha kikao Jumamosi hii, chini ya mjomba wake Anitha, mzee Mazengo, ambaye amenipigia simu na kuniambia, "Mkwe, nimekaa duniani miaka sabini na sita, nimeona watu wanasinzia kwenye ibada, kwenye mazishi, hata kwenye baiskeli, lakini wote walifumba." Kikao kikiniona mkosaji nitalipa faini ya kumsafisha mama, na hiyo siyo inayoniumiza, kinachoniumiza ni kwamba nikiilipa nitakuwa nimekiri, na Anitha ameshasema hawezi kurudi kwa mwanamume aliyekiri jambo hilo. Na mimi mwenyewe nimeanza kujiogopa, najiuliza labda kweli nilitazama, labda huu ugonjwa umefika kichwani na kuna mtu mwingine ndani yangu anayefanya mambo wakati mimi nimelala.

Ushauri ninaouomba ni mmoja. Nina miwani ya jua nyeusi tii niliyonunua soko la Majengo. Je, niivae kikaoni? Nikiivaa, wazee watasema nimewadharau, nimekuja mbele yao kama msanii wa muziki. Nisipoivaa, nitakaa mbele ya mama mkwe na macho haya haya yaliyoniponza, na hata nikiinamisha kichwa kope zinabaki juu, nitaonekana nachungulia. Nimejaribu mbele ya kioo. Nilijitisha.

Kuna kitu kingine kidogo, sijui hata kwa nini nakiandika, labda ni vumbi. Wiki hii tunavuna zile zabibu nyeusi za mvinyo, nikawaambia vibarua kata mstari wote huu umeiva, akatokea dada mmoja wa Kondoa anaitwa Mwanne, ana mdomo huyo, akapaza sauti, "Kaka msimamizi, hizi bado nyekundu! Au unataka tutengeneze siki?" Vibarua wote wakacheka. Mimi, jicho la kulia nimelikinga upepo kwa kiganja, nilikuwa naziona nyeusi kabisa. Nikafunika jicho la kushoto nikaona ni kweli, nyekundu, nikafunika la kulia, zikarudi kuwa nyeusi, na khanga ya Mwanne nyekundu nayo ikawa rangi ya chai iliyochacha. Nikawaambia nilikuwa nawapima kama wako makini. Nimeweka dawa ya matone ya dukani, naamini itaisha.

Namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi, siyo ya kuchapisha. Nampa huyu wa bodaboda ailete barua ofisini kwenu leo hii Jumatatu, kwa sababu siwezi kukaa nayo.

Ni mimi mwenye macho,
Makutupora.

*

Mwenye Macho,

Marahaba. Usiokote kitu, umri wangu unatosha.

Kurasa zako nimezisoma zote nikicheka, nikafika kwenye hicho unachokiita kitu kingine kidogo, nikaacha kucheka. Mdogo wangu, umeniandikia kurasa tatu za mama mkwe na mistari michache ya jicho linalokufa, na hiyo mistari michache ukaifunika kwa vumbi. Nina daktari wa macho ninayemfahamu, mtu mpole, hajawahi kuniharakisha. Nilimsomea hapo penye zabibu na khanga ya Mwanne. Hakusubiri nimalize. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Namba yake ya simu unayo?"

Gazeti hili linatoka Ijumaa, na daktari alisema hilo jicho halina siku nne za kusubiri mtambo wa kuchapa. Kwa hiyo nilikupigia Jumatatu hiyohiyo saa tisa alasiri, na wasomaji wangu, ambao wengi wana macho, shingo au wakwe, naomba wajue tuliongea nini. Jina lako silitaji. Ulipokea unahema.

"Uko wapi?"

"Natembeatembea tu Shangazi, sijambo."

"Sijakuuliza hali. Jicho la kushoto leo linaonaje?"

Ukasema ngoja nilifunike la kulia. Kisha ukasema, "Kama kuna mtu anavuta sigara mbele yake."

Nikakueleza alivyonieleza daktari. Kinga hiyohiyo iliyoigeukia tezi yako imeyageukia na yale yaliyo nyuma ya mboni, nyama na mafuta ya pale yamevimba, na tundu la jicho ni mfupa, halitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda unasukuma jicho mbele, ndiyo hayo macho ya kukodoa, na ukiendelea unaubana mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo. Wagonjwa wengi wa tezi hawafiki huko. Wewe umefika. Wekundu kufifia kwenye jicho moja ndiyo dalili ya kubanwa kwenyewe, na hakuna tone la dukani linaloweza kufika kule nyuma. Miundi yako nayo ni kazi ya kinga hiyohiyo, ni nadra zaidi, haiambukizi, hakuna aliyekutupia kitu, na gambuti kanisani unaweza kuacha.

Ukanijibu nini? "Nimekuelewa Shangazi, nitakwenda wiki ijayo. Jumamosi nina kikao. Nikienda hospitali watasema nimekimbia."

Watasema. Waache waseme, ili na wewe uweze kuwaona wanaosema.

Nilikugombeza sana siku ile na sijutii. Vidonge uliviacha mwenyewe kwa kujiona umepona. Sigara, uliyoambiwa uiache siku hiyohiyo na ambayo daktari wangu anasema ndiyo inayoyachochea macho haya kuliko kitu chochote unachoweza kukiacha, uliihamishia nyuma ya pampu kana kwamba tezi yako ni mwajiri, ukijificha haikuoni. Lakini niliposikia sauti yako inakatika nikajua huogopi hospitali wala kikao. Unaogopa kwamba wewe kweli ni mtu wa aina ile. Kwa hiyo lisikie hili mbele ya watu wote: kope zisizoshuka mchana hazishuki na usingizini. Mwenye ugonjwa huu anaweza kulala fofofo na macho yako wazi, na hata ukimwaga maji mbele yake haoni chochote. Mzee Mazengo, shikamoo yako babu, katika miaka sabini na sita ulikuwa hujamwona bado, ndiyo huyu sasa.

Baada ya wewe kukubali kwenda kesho yake, nilimpigia Anitha kwa namba uliyonipa, na nisingeweza kumlazimisha kuniamini, kwa sababu ni kweli, mume akitetewa na gazeti inatia shaka. Nilimwambia tu, "Mama, kesho asubuhi anapelekwa hospitali. Nenda ukae naye kwenye foleni. Akisinzia, mtazame." Alikwenda na kaka yake. Walikukuta kwenye benchi, na foleni ilivyokuwa ndefu saa nne haikufika ukasinzia umeegemea ukuta. Anitha aliniambia mwenyewe kwamba alikupungia mkono mara ya kwanza akadhani unamnunia, mara ya pili akakupitishia funguo mbele ya pua, na mara ya tatu Lameck akainama mpaka usoni pako akasema taratibu, "Shemeji?" na wewe ukakoroma. Lameck hakutania. Alikwenda nje, akarudi macho yake mekundu, akasema ni vumbi. Familia yenu na vumbi!

Anitha alimpigia mama yake akiwa palepale kwenye benchi. "Mama, analala. Namwangalia hapa, mama, anakoroma na ananitazama." Kule Chamwino mama akauliza, "Sasa masikini, macho yanakauka hivyo, nani anamfunika?"

Wamekulaza. Umeanza kupewa dawa ya kwenye mshipa ya kupunguza ule uvimbe, wanakupima sukari na moyo kwa sababu dawa yenyewe ni kali, na wamekwambia kwamba jicho lisipopata nafuu kwa dawa itabidi upasuaji wa kupanua nafasi ya mfupa. Sitakudanganya ili ucheke: jicho la kushoto madaktari hawajaliahidi kitu. La kulia wanasema limewahi. Ungesubiri kikao kwanza, tungekuwa tunazungumzia yote mawili.

Ushauri wangu ni huu, na uusikilize ukiwa umekaa. Kikao nimeongea nao, kimesogezwa mpaka utakapotoka, na utakwenda, usitume mtu. Miwani ivae njiani, tena kila siku, upepo na jua la Makutupora ni adui wa macho hayo. Ukifika kikaoni ivue, waoneshe wazee macho uliyo nayo, useme kwa mdomo wako: naumwa, nilikuwa nimelala, na mama nisamehe kwa hofu uliyoipata. Faini usilipe. Zawadi kwa mama mkwe mpelekee, hilo ni jambo jingine na kila mtu pale ataijua tofauti yake. Vidonge vya tezi ni vya kila siku, na ukipata homa na koo kuuma ukiwa unavimeza, siku hiyohiyo rudi hospitali wapime damu, usinywe chai ya tangawizi ukasubiri. Shambani mwombe Mwanne awe ndiye anayesema zimeiva au bado. Ana mdomo, lakini ana macho. Na sigara, mdogo wangu, sina maneno mapya ya kusema. Acha.

Mama mkwe wako alifika wodini Jumatano. Anitha anasema alisimama karibu na kitanda chako amekupa mgongo, uso ameelekeza dirishani, mikono ameifumbata ndani ya khanga, na wewe umegeukia ukuta, mkawa mnaongea na jengo. Akasema, "Mwambieni mkwe wangu alale." Kisha akaondoka, na safari hii aliaga.

Muuguzi wa zamu ananiambia bado unazunguka wodini kama mkaguzi, unasoma majina ya wagonjwa vitandani na kuwapa moyo watu ambao hawajakuomba. Rudi kitandani. Najua mwili unakusukuma, najua moyo haujatulia bado, utachukua wiki kadhaa, lakini kitanda ni sehemu ya dawa. Wamemfundisha Anitha kukupaka ile dawa ya mafuta ndani ya jicho na kuzishusha kope zako kwa vidole, moja baada ya nyingine, halafu anaweka plasta ili zikae zimefungwa. Anasema kila akifanya hivyo unaongea. Jioni ya leo, vidole vyake vikigusa kope zako, nyamaza.